Je, nyaya za stima juu ya nyumba yako zinakudhuru? Unyuzi wa kioo wasaidia kujibu

“Daktari, nihame au nisihame?”

Swali hilo niliulizwa na mama mmoja aliyeketi mbele yangu katika zahanati, mtoto wake wa kiume wa miaka sita akiwa amemlalia begani. Mtoto alikuwa amepauka midomo na viganja, na moyo wake ulipiga mbio. Nilitarajia mama aanze kunieleza habari za homa au za chakula. Badala yake alianza na nyaya za stima.

Familia hiyo ilikuwa imepanga chumba katika mtaa mmoja wa mashariki ya Nairobi, kando ya laini kubwa ya umeme inayopita juu ya milingoti ya chuma. Mtoto alipoanza kuchokachoka, jirani alimwambia mama kwamba stima ya laini kubwa huleta saratani ya damu. Siku chache baadaye alipita mwanamume mmoja akiwa na mrija wa taa, ile mirefu myeupe ya dukani. Giza lilipoingia, alisimama chini ya laini akauinua mrija huo bila kuuunganisha popote, nao ukatoa mwanga hafifu. Watu walishika vinywa. Kisha akawauzia vibandiko vya “kuzuia miale”, kimoja cha mlangoni na kimoja cha kitandani. Mama huyu alinunua vyote viwili kwa pesa alizokuwa ameziweka za kumpeleka mtoto hospitali. Akangoja majuma matatu vifanye kazi.

Tulimpima mtoto damu. Kiwango chake cha himoglobini kilikuwa gramu 6.4, ilhali mtoto wa umri huo anafaa kuwa na zaidi ya 11. Chembe nyeupe zilikuwa sawa, na zile za kugandisha damu zilikuwa sawa. Choo chake kilikuwa na mayai ya minyoo ya safura, ambayo huingilia kwenye ngozi ya nyayo na kufyonza damu matumboni. Alikuwa amekaa kwa nyanya yake mashambani kwa miezi mingi, akicheza bila viatu. Alipewa dawa ya minyoo na ya kuongeza madini ya chuma, na baada ya miezi miwili alikuwa anakimbizana na wenzake. Hakuwa na saratani.

Hata hivyo, mama hakutosheka. “Asante, Daktari,” alisema. “Lakini zile nyaya je? Ule mrija uliwaka. Niliuona kwa macho yangu.”

Alikuwa na haki ya kuuliza, nami sikuwa na jibu la kumpa papo hapo. Ilinibidi nirudi vitabuni nijifunze jinsi wataalamu wanavyopima kitu hiki kisichoonekana. Nilichokipata nakueleza leo, msomaji, kwa sababu maswali kama ya mama huyu huletwa kwa madaktari mara kwa mara.

Ni nini hasa kilichoko chini ya nyaya?

Popote penye stima pana vitu viwili ambavyo wanasayansi huviita uga wa umeme na uga wa sumaku. Ili kuvielewa, fikiria mfereji wa maji nyumbani kwako. Mfereji ukiwa umefungwa, maji hayatoki, lakini presha imo ndani ya bomba. Ukiufungua, maji yanatiririka. Uga wa umeme hutokana na ile presha, yaani volti, na huwepo hata kama hakuna taa iliyowashwa. Uga wa sumaku hutokana na mtiririko wenyewe, na huongezeka kadiri stima inavyotumika kwa wingi.

Uga wa umeme hupimwa kwa volti kwa mita, na ule wa sumaku kwa kipimo kinachoitwa maikrotesla. Stima yetu hapa Kenya hubadili mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde, na uga wake hucheza vivyo hivyo.

Sasa tuurudie ule mrija. Kuwaka kwake si uchawi wala si uongo. Chini ya laini kubwa uga wa umeme unaweza kuwa na nguvu za kutosha kuichangamsha gesi iliyo ndani ya mrija, nayo ikatoa mwanga. Uongo ulikuwa katika maana iliyopewa jambo hilo. Mrija unakuambia kwamba pana uga wa umeme. Haukuambii ni kiasi gani, haukuambii lolote kuhusu uga wa sumaku, wala haukuambii kama mtoto ataugua. Kujua kwamba mgonjwa ana joto kwa kumgusa paji la uso ni jambo moja. Kujua kama ni nyuzi 37.5 au 40 ni jambo jingine, na hapo ndipo kipimajoto kinapohitajika.

Kipimo kinachoharibu kinachopimwa

Kupima uga wa umeme kuna shida ambayo sisi madaktari tunaijua vizuri. Wako wagonjwa ambao presha yao hupanda kwa sababu tu wamemwona daktari. Nyumbani iko sawa, lakini koti jeupe likitokea, inaruka. Kwa hiyo kitendo cha kupima kimekibadili kile kinachopimwa.

Ndivyo ilivyo kwa uga wa umeme. Chuma chochote kikiwekwa ndani yake huuvuta na kuupinda, na kadhalika mwili wa mwanadamu, kwa kuwa umejaa maji yenye chumvi yanayopitisha umeme. Ukisimama chini ya laini na kushika kipimo cha chuma mkononi, nambari unayoisoma ni ya uga uliokwisha kuvurugwa na wewe pamoja na kipimo chako. Ndiyo sababu mafundi wanaoijua kazi hii hukiweka kipimo juu ya kigingi kisichopitisha umeme, kwa kawaida mita moja kutoka ardhini, na wao wenyewe husimama mbali.

Aidha kuna hatari. Waya wa chuma unaotoka kwenye kipimo kilicho karibu na umeme mkubwa unaweza kuuleta umeme huo hadi mkononi mwa fundi. Kwa hiyo watu walitafuta kipimo kisicho na chuma hata kidogo. Walikipata katika kioo na mwanga.

Mwanga unaopindwa na sumaku

Chukua kamba ya watoto ya kuruka, uifunge kwenye mti, kisha uipitishe kati ya fito mbili za ua zilizosimama wima. Ukiitikisa juu na chini, mawimbi yatapita kati ya fito. Ukiitikisa kushoto na kulia, yatagonga fito na kukoma. Mwanga nao hutetemeka hivyo. Mwanga wa jua au wa balbu hutetemeka pande zote kwa pamoja, lakini kuna vichungi vinavyoruhusu mtetemo wa upande mmoja tu, kama ule ua.

Mnamo Septemba 1845, jijini London, mwanasayansi Michael Faraday alipitisha mwanga wa mtetemo mmoja ndani ya kipande cha kioo kizito kilichokuwa karibu na sumaku kali. Aligundua kwamba sumaku iliuzungusha mtetemo huo kidogo. Kadiri sumaku ilivyozidi nguvu, ndivyo mtetemo ulivyozidi kuzunguka. Mwaka wa 1893 Mjerumani Friedrich Pockels naye alieleza jinsi uga wa umeme unavyobadili mwanga unaopita katika fuwele za aina fulani.

Kwa miaka mingi maarifa hayo yalibaki katika maabara. Kilichokosekana kilikuwa njia ya kuupeleka mwanga mahali pa kupimia na kuurudisha. Mwaka wa 1966 Charles Kao, aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alionyesha kwamba nyuzi za kioo safi zinaweza kuusafirisha mwanga kwa umbali mrefu. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2009. Ni mwaka huo huo ambapo nyaya za faiba zilizolazwa chini ya bahari zilianza kutuletea intaneti kupitia Mombasa. Basi ile faiba iletayo intaneti mtaani kwako ni ndugu ya vipimo hivi.

Kipimo chenyewe hufanya kazi hivi. Kisanduku kilichowekwa mbali, mahali salama, hutoa mwanga wa leza. Mwanga unasafiri ndani ya unyuzi wa kioo mwembamba kama unywele hadi kwenye kichwa cha kipimo, ambacho ni fuwele ndogo iliyo kati ya vichungi viwili. Uga wa umeme ukiigusa fuwele, mtetemo wa mwanga hubadilika, na kiasi cha mwanga kinachopita kwenye kichungi cha pili huongezeka au kupungua. Mwanga huo hurudi kwa unyuzi hadi kisandukuni, na pale mabadiliko yake husomwa kama nambari. Kioo hakipitishi umeme. Kwa hiyo fundi yuko salama, na uga unavurugwa kidogo sana.

Kwa upande wa sumaku, mafundi huuzungusha unyuzi wa kioo mara nyingi kuuzunguka waya mkuu wa umeme. Mwanga unaopita humo hupindwa kulingana na kiasi cha umeme kinachotiririka wayani. Vipimo vya namna hii hutumika katika vituo vikubwa vya umeme, mahali ambapo vile vya zamani huwa vikubwa, hujazwa mafuta na vinaweza kulipuka vikiharibika.

Lazima pia niseme udhaifu wake. Kioo cha kawaida huupinda mwanga kidogo mno, hivyo kwa uga mdogo wa sumaku ulio nyumbani, kipimo cha koili ya waya bado ndicho kinachofaa zaidi. Joto na baridi huweza kuipotosha fuwele, na vifaa hivi si rahisi kwa bei. Faida ya kioo huonekana pale ambapo chuma hakifai kabisa: karibu na volti kubwa, mbele ya antena, na ndani ya hospitali.

Kioo ndani ya mashine ya MRI

Huenda umewahi kutumwa kupigwa picha ya MRI kwa sababu ya mgongo au kichwa. Mashine hiyo ni sumaku. Zile za kawaida zina nguvu ya tesla 1.5, yaani zaidi ya mara 20,000 ya uga wa sumaku wa dunia. Wakati wa kupiga picha, hurusha pia mawimbi ya redio ya takriban megahertzi 64, chini kidogo ya yale ya stesheni za FM.

Waya wa chuma ukiachwa juu ya ngozi ya mgonjwa ndani ya mashine hiyo unaweza kugeuka antena, ukapata moto na kumchoma. Wagonjwa wamewahi kuungua hivyo. Kwa sababu hiyo, inapohitajika kupima joto la mgonjwa akiwa ndani, kuna vipimajoto vya unyuzi wa kioo visivyo na chuma. Vivyo hivyo kwa wale wenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo. Kabla kifaa kama hicho hakijaruhusiwa kuingizwa ndani ya MRI, hujaribiwa kwanza ndani ya utomvu unaoigiza mwili wa mtu. Vipimajoto vya kioo huonyesha kama ncha za waya zake zinapata joto, na vipimo vya fuwele huweza kuonyesha nguvu za uga unaozizunguka.

Kwa hiyo msomaji, ukiulizwa mlangoni pa chumba cha MRI kama una chuma mwilini, usione kama ni maswali ya bure. Taja kila kitu: msumari wa mfupa, kifaa cha moyo, hata kipande cha chuma kilichowahi kukuingia jichoni katika juakali.

Vipimo vinasema nini?

Hofu ya saratani ilianza mwaka wa 1979, pale uchunguzi wa Nancy Wertheimer na Ed Leeper mjini Denver, Marekani, ulipohusisha saratani za watoto na nyaya za umeme zilizo karibu na nyumba. Watafiti hao hawakupima uga majumbani. Waliukadiria kwa kutazama aina ya nyaya na umbali wake.

Baadaye watu walianza kupima. Mwaka wa 2000, watafiti walipojumlisha chunguzi kadhaa, waliona kwamba watoto walioishi katika uga wa sumaku wa wastani wa maikrotesla 0.4 au zaidi walipata saratani ya damu kwa kiwango cha takriban mara mbili. Watoto wa namna hiyo walikuwa wachache sana, chini ya mmoja katika kila 100. Kwa sababu hiyo, mwaka wa 2002 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuweka uga huo katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Usilisome neno “huenda” kama “hakika”. Katika kundi hilo hilo limo pia dondoo la jani zima la mshubiri, yaani alovera.

Mwaka wa 2007 Shirika la Afya Duniani lilipitia ushahidi wote na kusema hautoshi kuthibitisha kwamba uga huo ndio chanzo. Halafu mwaka wa 2014 uchunguzi mkubwa wa Uingereza ulionyesha jambo la ajabu: tofauti iliyoonekana karibu na laini kubwa katika miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa imepungua na kutoweka katika miongo iliyofuata, ingawa nyaya zilikuwepo bado. Kama nyaya zingekuwa ndizo chanzo, tofauti hiyo ingebaki.

Tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya miale hiyo, ICNIRP, mwaka wa 2010 iliweka kikomo kwa wananchi wa kawaida kuwa maikrotesla 200 na volti 5,000 kwa mita. Kwa kulinganisha, Shirika la Afya Duniani limetaja kwamba mashine ya kukaushia nywele, kwa umbali wa sentimita 3, huweza kutoa kati ya maikrotesla 6 na 2,000. Ukiisogeza hadi sentimita 30, haizidi 7. Umbali mdogo hupunguza mengi.

Na vile vibandiko? Ukuta na paa la mabati huzuia sehemu kubwa ya uga wa umeme wa laini ya nje. Uga wa sumaku nao hupenya ukuta, mabati na mwili. Kibandiko cha karatasi mlangoni hakizuii lolote kati ya hayo.

Hatari iliyo wazi

Nilimwuliza mama yule swali moja. “Kutoka mlangoni pako hadi chini ya waya ni hatua ngapi?”

Alifikiri kidogo. “Nane, Daktari.”

“Basi hama, mama,” nikamwambia.

Alishtuka, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kumweleza kwamba nyaya hazikumpa mtoto wake ugonjwa. Lakini laini kubwa hapa Kenya huachiwa njia isiyojengwa: mita 30 kwa upana kwa ile ya kilovolti 132, mita 40 kwa kilovolti 220, na mita 60 kwa kilovolti 400. Hatua nane ziko ndani ya njia hiyo, kwa laini yoyote kati ya hizo. Waya ukikatika wakati wa dhoruba, utaanguka hapo. Isitoshe, umeme mkubwa hauhitaji kuguswa. Huruka hewani hadi kwenye chuma kilichosogezwa karibu.

Hatari hiyo haihitaji darubini wala utafiti wa miaka 40. Wanaofikishwa kwenye vyumba vya dharura kwa ajili yake ni fundi aliyeinua nondo ndefu, kijana aliyekuwa akirekebisha antena juu ya paa, na mtoto aliyefuata tiara yake iliyonasa.

Kwa hiyo msomaji, zingatia haya:

Usijenge wala usipange nyumba ndani ya njia ya laini kubwa, hata kama kodi ni nafuu. Usiinue bomba, nondo au ngazi ya chuma karibu na nyaya. Waya ukianguka, kaa mbali nao, zuia watoto, na uijulishe kampuni ya umeme.

Mtu akipigwa na stima nyumbani, usimshike. Zima swichi kuu kwanza. Kisha mpeleke hospitali hata akisema ni mzima, kwani moyo na misuli huweza kuwa imeumia ndani bila alama kubwa juu ya ngozi.

Mtoto akipauka, akichoka ovyo, akipata homa zisizoisha, akitokwa na damu puani au akivilia damu bila kugongwa, mpeleke apimwe damu siku hiyo hiyo. Ikiwa ni minyoo au upungufu wa madini, tiba ni rahisi. Ikiwa ni saratani ya damu, watoto wengi hupona wakianza matibabu mapema. Majuma matatu ya kungojea kibandiko ni mengi mno.

Na mtu akikujia na mrija unaowaka, mwulize: ni volti ngapi kwa mita, ni maikrotesla ngapi, na umepima kwa chombo gani? Asipokuwa na nambari, hajapima kitu.

Mama yule alihama mwisho wa mwezi, akapata chumba mitaa miwili kutoka hapo. Vibandiko aliviacha mlangoni. Viatu vya mtoto alivinunua kwanza.